Kisome Kisu Kabla Hujakisafisha: Kukusanya Visu vya Kukunja vya Zamani Hapa Moshi

Sikilizeni hii. Tak. Na hii sasa. Tssss... tap. Visu viwili, vyote vya kukunja, vyote nimevipata hapahapa Moshi, na kabla sijawaonyesha hata kimoja, sikio limeshawaambia kipi kizima na kipi kimechoka.

Karibuni tena mezani kwangu, wadau. Kwa wageni, mimi nakusanya visu vya mfukoni vya kizamani, vile vya springi visivyo na loki. Leo nakupitisha hatua kwa hatua: wapi pa kuvitafuta, namna ya kuvikagua, namna ya kuvisoma, na mwisho kabisa namna ya kuvisafisha. Kusafisha nimekuweka mwisho makusudi. Sababu utaiona tukifika kwenye kisu cha babu.

Hatua ya kwanza, tujue tunatafuta nini. Shika kisu chochote cha kukunja ukifungue. Kama hakikunjiki mpaka ubonyeze kibati au uzungushe pete, hicho kina loki, kiweke pembeni. Sisi tunataka kile ambacho ubapa wake unashikwa na nguvu ya springi peke yake. Nakigeuza mgongo, tazama. Huu mstari wa chuma unaopita mgongoni ndiyo springi yenyewe. Imebanwa kwa ribiti nyuma na katikati, mbele imeachwa huru, na ile ncha yake huru inalalia shina la ubapa, yaani kitako chake kinachoingia mpinini. Shina limechongwa pande bapa. Unapofungua, springi inanyanyuka ikipanda pembe, halafu inadondokea kwenye pande linalofuata. Huo mdondoko ndio "tak" uliousikia.

Watu wananiletea sana Opinel ya Wafaransa. Ni kisu kizuri, mimi mwenyewe namenyea maembe, lakini hakina springi mgongoni. Kinashikwa na mkazo wa mti wa mpini, na tangu 1955 kimeongezewa pete ya kuzungusha. Si wa ukoo huu.

Na kwa kuwa hakuna loki, usichome nacho kitu kigumu. Ukisukumiza ncha, ubapa unakurudia vidoleni. Hili kovu hapa kwenye kidole cha shahada nililipata nikitoboa dumu la mafuta. Nilishonwa nyuzi tatu, na dumu halikutoboka.

Hatua ya pili, pa kutafuta. Sisi wa Moshi tuna bahati ambayo wenzetu wa mikoa mingine hawana, na bahati hiyo ni Mlima. Wageni wakishuka geti la Mweka huwa wanagawa vitu: makoti, tochi, buti, na visu. Kwa hiyo kabla hujaenda sokoni, ongea na wagumu, yaani wapagazi, na waongoza wageni unaowafahamu. Wengi wana kisu chekundu cha Uswisi kimelala kwenye droo. Usimlalie mtu bei kwa sababu hajui alichonacho. Mwambie ukweli, atakuletea na kingine.

Sokoni mimi naanzia Memorial, kisha Kiboriloni. Usiulize "mna visu?" maana utapelekwa kwenye visu vya jikoni. Tafuta yule anayetandaza chini mchanganyiko: bisibisi, kufuli zisizo na funguo, saa zilizokufa, vijiko. Inama, chakura. Njia ya tatu ni mafundi saa. Mzee mmoja wa mjini hapa nilimwamkia tu, "Shikamoo mzee," akaniitikia, nikamwonyesha kisu nilichonacho. Akafungua kopo la maziwa lililojaa springi na vioo vya saa, akatoa kisu cha Solingen, mji wa visu wa Ujerumani. "Hiki kilikuwa cha mzungu wa shamba la kahawa," akasema, "aliniachia nikitengeneze, hakurudi."

Hatua ya tatu, ukaguzi, hapohapo sokoni na bila aibu. Kifungue polepole. Ukucha wako unaingia kwenye huu mfereji mdogo ubavuni mwa ubapa. Angalia mfereji huo uko mbali kiasi gani na makali. Kama makali yameshaukaribia, ubapa umenolewa miaka mingi umeliwa, hata kama unang'aa. Kikiwa wazi, shika ncha uitikise kushoto na kulia. Ikicheza kidogo, ribiti imelegea, inatengenezeka. Ikicheza juu na chini, springi imechoka au shina limelika, na hapo mimi huwa narudisha kisu kwa heshima. Halafu kifunge, lakini usikiache kijipige chenyewe. Kisindikize kwa kidole. Tazama mgongo kikiwa kimefungwa, kisha kikiwa wazi. Springi na mpini viwe sawasawa, ukipitisha kucha isikwame. Fundi aliyefanikisha hilo kwa tupa ya mkono alikuwa fundi kweli.

Hatua ya nne, na hapa ndipo tutakaa. Soma muhuri.

Sogeza kamera. Kwenye shina la ubapa, pale unapokutana na mpini, kuna maandishi yamegongwa. Chukua lenzi ya fundi saa, tochi ya simu uiweke ubavuni isimulike kutoka juu, na herufi zitajitokeza kwa kivuli chake. Usisugue kwa kitu chochote.

Sasa kisu cha babu. Babu mzaa mama alikuwa KAR, jeshi la Waafrika chini ya Waingereza enzi za ukoloni, alifika Burma, akarudi na kisu cha askari wa Kiingereza: ubapa mmoja mpana, kifungua kopo, na mwiba mnene wa kufungulia mafundo ya kamba. Visu hivi vya jeshi kwa kawaida vina jina la mtengenezaji, mwaka, na alama ya mshale ya mali ya serikali ya Uingereza. Nilipokirithi kilikuwa cheusi, nikaona aibu. Nikakipeleka kwa fundi gereji, akakipiga grainda. Kilirudi kinang'aa kama kijiko cha harusi. Tazama shina lake hapa. Unaona nini? Mimi pia.

Kwa hiyo soma kwanza. Hivi ndivyo ninavyosoma mimi.

Neno ENGLAND au GERMANY peke yake linaniambia jambo. Sheria ya ushuru ya Marekani ya 1890 ilitaka bidhaa za nje zigongwe jina la nchi zilikotoka, ikaanza kubana 1891, na viwanda vya Sheffield ya Uingereza na Solingen vilivyotaka soko lile vikatii. Kwa hiyo kisu chenye jina la nchi kwa kawaida ni cha baada ya hapo. Kikisema "West Germany" ni cha kati ya 1949 na 1990. Neno Solingen nalo linalindwa kwa sheria tangu 1938; si kila mtu anaruhusiwa kuligonga.

Cha Uswisi: Karl Elsener alifungua karakana yake Ibach mwaka 1884, akaanza kuwapa askari visu 1891. Mama yake aliitwa Victoria. Chuma kisichoshika kutu kilipoingia, mwaka 1921, jina la mama likaungwa na "inox", likawa Victorinox. Maana yake, ukiona neno hilo shinani na muuzaji anakuapia kisu ni cha wakati wa Mjerumani hapa kwetu, mpe pole. Na kile cha askari cha modeli ya 1961, chenye vibao vya mpini vya alumini vilivyotiwa vijimraba, kina tarakimu mbili za mwaka. Hiki changu kinasema 78.

Wamarekani wa kampuni ya Case, kule Bradford, Pennsylvania, wao wana hesabu ya nukta. Mwaka 1970 waligonga nukta kumi chini ya jina, kila mwaka wakapunguza moja. Nukta nne ni 1976. Mtoto wa darasa la tatu anaweza.

Lakini muhuri si maandishi tu. Kisu chenyewe kinaeleza kilivyotengenezwa. Aliyewahi kufika kwa wahunzi wa Mamba, huku juu njia ya Marangu, akaona mvukuto na chuma chekundu kikifuliwa, ameshaielewa nusu ya Sheffield ya zamani. Kule mmoja alifua ubapa kwa nyundo, wa pili akausaga kwenye jiwe kubwa la kuzunguka, wa tatu akakusanya vipande na kuviunga. Wengi walikuwa mafundi wadogo waliokodi benchi na nguvu ya gurudumu kwenye jengo la mtu. Wasagaji walikuwa wakifa vijana kwa vumbi la jiwe na chuma mapafuni. Ukikishika kisu cha aina hiyo, kumbuka kuna mtu alikohoa.

Kila springi ililinganishwa kwa tupa na kisu chake kimoja. Ukiitoa ukaitia kwenye kisu pacha, haikai. Tazama hiki chenye bapa mbili juu ya springi moja. Zingenyooka zingegongana, kwa hiyo fundi alizipinda kidogo shinani zipishane. Upindaji huo ulifanywa kwa jicho. Viwanda vingi vya leo vinaukwepa kwa kuweka ubapa mmoja tu.

Wamarekani na Wajerumani walitangulia kuacha nyundo ya mkono. Wakaleta mashine za kukata vipande kutoka kwenye bamba la chuma, vipande vinavyolingana, chochote kiingie popote. Kisha Harry Brearley wa Sheffield akaja na chuma kisichoshika kutu mwaka 1913, na taratibu ubapa mweusi wa bibi ukaanza kutoweka. Leo ubapa unakatwa kwa leza, unasagwa na mashine inayoongozwa na kompyuta, na vingi vinatoka China. Wakusanyaji wengi wanavidharau. Mimi sividharau, hiki cha China nimekinunua kwa bei ya sahani mbili za chipsi kuku, na mgongo wake umelingana kuliko cha Sheffield nilicholipia mara sita. Kinachokosekana ni kwamba ukiwa na kumi, una kimoja mara kumi.

Visu vyenyewe havijafa. Kampuni ya visu ya Camillus ya New York ilifungwa 2007, lakini mwaka mmoja kabla, huko Titusville, Pennsylvania, Great Eastern Cutlery walianza upya kwa mtindo wa kale na chuma kinachoshika kutu. Uingereza nako sheria inakuruhusu kutembea na kisu cha kukunja kisicho na loki chenye makali yasiyozidi sentimita 7.62 bila kueleza sababu. Sheria hiyo imeisaidia springi kuliko mkusanyaji yeyote.

Hatua ya tano, mpini. Mfupa wa ng'ombe una vitundu vidogo vyeusi na vimistari, ni vya mishipa. Plastiki haina. Ukiona kwenye ncha iliyokatwa mistari inayokatizana kama wavu, hiyo ni pembe ya ndovu. Kirudishe chini, ondoka. Meno ya tembo ni nyara za serikali, Sheria ya Wanyamapori ya 2009 haiulizi kisu ni cha mwaka gani. Ukibahatika kupata cha mti mweusi mzito, unaweza kuwa mpingo wetu, mti uleule wa zumari za Ulaya. Ndio marehemu Sebastian Chuwa na wenzake walioanzisha mradi wa kuupanda hapa Kilimanjaro mwaka 1996.

Kuna kimoja cha kuogopa: seluloidi, plastiki ya zamani yenye rangi za kuvutia, ukiisugua kwa kidole inanuka kafuri. Ikizeeka inatoa mvuke wenye asidi unaotia kutu visu vyote jirani. Inashika moto upesi pia, kwa hiyo usiijaribu kwa sindano ya moto kama wanavyofundishana. Ikae peke yake, mahali penye hewa.

Hatua ya sita, sasa safisha. Vifaa ni mswaki uliozeeka, vijiti vya meno, kitambaa cha fulana, mafuta ya cherehani. Maji hapana, mfupa na mti vinavimba. Toa uchafu ndani ya mpini kwa kijiti, dondosha tone moja kwenye bawaba, fungua na kufunga mara ishirini, futa mafuta meusi yanayotoka, rudia mpaka yatoke safi. Kutu nyekundu ilainishe kwa mafuta usiku mzima, kisha isugue kwa kijiti, na pembeni mwa muhuri sugua kwa uangalifu. Weusi wa kijivujivu usiuguse kabisa. Ule si uchafu, ni ngozi ya chuma, unakinga kutu. Menya ndizi za mtori kwa ubapa wa chuma cha kizamani uone utomvu unavyouchora kwa siku moja.

Hatua ya saba, hifadhi. Usikilaze kwenye ala ya ngozi, ngozi inashika unyevu. Mimi nafunga kila kimoja kwa kitambaa cha pamba chenye mafuta kidogo, ndani ya kopo la biskuti.

Halafu daftari. Kila kisu ukurasa wake: kimepatikana wapi, kwa nani, bei, vibao vya nini, bapa ngapi, na maneno ya muhuri kama yalivyo hata kama nusu ya herufi imefutika. Huu hapa ukurasa wa kwanza wa daftari langu, kisu cha babu. Mahali: Rombo. Bei: urithi. Bapa: moja, na mwiba. Mbele ya neno "muhuri" nimeacha mstari mtupu.