Maji ya Mawese Si Sumu, na Bado Yanaua Samaki

Wazee wangu, mama zangu, na ninyi wenye mashine za kukamua mawese mlioitikia wito, shikamooni. Neno nililolisema Mwandiga na Simbo nalirudia leo hapa Ujiji, kwa kuwa kila nikilimaliza husimama mtu akaniambia kwamba mawese ni chakula, na chakula hakiwezi kuchafua maji.

Mara ya kwanza kuambiwa hivyo nilikuwa ukingoni mwa kijito, chini ya mashine moja. Maji ya kukamulia yalikuwa yakiteremka kwenye mfereji wa udongo, bado ya moto, rangi ya kahawia, na utando wa mafuta juu yake; kijitoni perege walikuwa wamepanda juu, midomo nje, wakihema. Mwenye mashine akanishika bega: “Mwanangu, sisi hatutii dawa yoyote humu. Haya hata wewe unayala.” Alisema kweli, na kweli hiyohiyo ndiyo iliyowaua perege wale. Bakteria nao hula. Wakikuta chakula kingi huzaana, na wakizaana huvuta oksijeni yote iliyomo majini. Ndiyo maana maabara hupima uchafu kwa oksijeni inayotumika kuula, kwa siku 5 katika nyuzi 20 za joto. Majitaka ya majumbani hutumia miligramu 300 hivi kwa lita. Maji ya kiwanda cha mawese hufika 25,000, ilhali kiwango cha Tanzania kwa maji yanayoruhusiwa kumwagwa ni 30. Lita ya maji safi ya ziwa hubeba miligramu 8 hivi tu za oksijeni, kwa hiyo lita moja ya maji ya mawese yaweza kumaliza pumzi ya lita 3,000 za ziwa.

Najua mtakachosema: Ziwa Tanganyika ni kubwa. Naam, kina chake ni mita 1,470, lakini oksijeni haishuki zaidi ya mita 200 hivi, na chini ya hapo samaki hawaishi. Mto unaotoka ziwani ni mmoja tu, Lukuga, ng’ambo ya Kongo, na maji yanayoingia leo hukaa humo kwa karne nyingi. Tena uchafu wenu haufiki katikati ya ziwa. Unaishia ufukoni, samaki wanakozalia na mama zetu wanakoteka maji.

Basi bakteria hao tuwalishe huku kwetu. Kwanza ijengwe chemba ya kunasa mafuta, maji yatulie na kupoa, mafuta yaelee, yaenguliwe na kuuzwa kwa watengenezaji wa sabuni. Kisha bwawa la kwanza, la mita 3 au 4, ambamo bakteria wasiohitaji hewa huvunja uchafu na kutoa gesi ya kupikia. La pili lina mwani unaotoa oksijeni mchana; la tatu ni la kina kifupi, ili jua liue vijidudu. Majitaka ya mji nayo husafishwa kwa mabwawa ya namna hiyo, bila pampu wala dawa. Kinachotakiwa ni ardhi na siku nyingi za kusubiri.

Habari ya tope linalobaki chini naiacha, maana dakika zimekwisha. Hapa mezani nina chupa mbili, moja ya maji ya kijito juu ya mashine, moja ya chini yake. Zipite mkononi, mzifungue, mnuse. Na mwenye mashine aliye tayari anione sasa hivi, ili Jumatatu niende kumpimia chemba.