Tope la pwani, silika na mito tunayoizuia

Asanteni kwa kuja, naona na wavuvi mpo, karibuni mbele jamani. Leo naongelea silika, sio silika ya tabia, ni ile ya kwenye mchanga na kioo, maana tukisikia uchafuzi wa bahari wote tunawaza mbolea, naitrojeni na fosforasi, silika haitajwi kabisa na mimi naona hapo ndo tunakosea sana.

Tuanze na diatomu. Ni vimea vya chembe moja, huvioni kwa macho, lakini vinafanya kama moja ya tano ya usanisinuru wote wa dunia, yaani kutengeneza chakula kwa mwanga wa jua, na kila kimoja kinajijengea gamba la silika, kitu kile kile kilichopo kwenye mchanga na kioo. Ili kikue kinataka silika na naitrojeni karibu sawa kwa sawa ukihesabu atomu, na fosforasi kidogo, 1 kwa naitrojeni 16. Silika inatoka kwenye miamba ya bara, mvua inaimega kidogo kidogo, mto unaileta baharini. Samaki wengi tunaovua pwani, chakula chao ukikifuata nyuma unafika kwenye diatomu.

Sasa diatomu ikifa, pwani kina ni kifupi kwahiyo inafika chini upesi na kukaa kwenye tope. Ile sehemu laini bakteria wanaila, naitrojeni na fosforasi zinaachiwa ndani ya siku au wiki chache tu, lakini gamba halina wa kulila, linayeyuka taratibu kama sukari guru kwenye maji baridi, inaweza kuchukua miezi hata miaka. Maji yaliyonaswa ndani ya tope yanakuwa na silika nyingi kuliko maji ya juu, inapanda pole pole, na hapo minyoo na kaa wanafanya kazi kubwa mno, wanachimba mashimo wanasukuma maji ndani nje na silika inatoka haraka zaidi. Nyingine hairudi, inageuka udongo wa mfinyanzi humo humo, delta ya Amazon watafiti walionyesha hivyo mwaka 1995.

Fosforasi ina mambo yake. Inashikwa na kutu ya chuma kwenye tope ilimradi oksijeni ipo, oksijeni ikiisha kutu inayeyuka na fosforasi inaachiwa, mwani unazaliana, unakufa, unaozea chini, oksijeni inazidi kuisha. Naitrojeni angalau bakteria wa tope wanaigeuza gesi sehemu yake ikarudi hewani, hiyo huduma tunaipata bure.

Mfano ambao mimi haunitoki ni Bahari Nyeusi. Mto Danube wa Ulaya, unaomwaga maji humo, ulijengewa bwawa la Iron Gates, kati ya Romania na Yugoslavia ya wakati ule, likakamilika 1972, na miaka hiyo hiyo mbolea ya mashambani ikawa inamiminika mtoni. Mwaka 1997 watafiti wakakadiria kwamba silika inayoletwa na Danube imepungua theluthi mbili hivi tangu bwawa lijengwe, diatomu zikaachia nafasi kwa vimea visivyohitaji silika, na pwani ya kaskazini magharibi oksijeni ya chini ikawa inakwisha kila kiangazi, viumbe wa chini wakafa kwa wingi. Halafu 2004 wengine wakapima bwawa lenyewe wakakuta linanasa kama asilimia 5 tu ya silika inayopita, kwahiyo ikabidi waangalie mto mzima na mabwawa yake ya juu, sio kulitupia lawama bwawa hilo moja. Miaka ya 90 matumizi ya mbolea yaliposhuka eneo lisilo na oksijeni likapungua pia, ina maana bahari inaitikia tukiibadilishia.

Na sisi Tanzania tuna mto Rufiji. Bwawa la Julius Nyerere lilianza kujazwa Desemba 2022, na chini yake kuna delta yenye mikoko mingi kuliko pengine popote Afrika Mashariki, na kamba wanaovuliwa pale. Sisemi bwawa ni baya, umeme tunauhitaji, nasema silika ipimwe mdomoni mwa mto na kwenye tope la mikoko, masika na kiangazi, miaka mfululizo, naitrojeni na fosforasi pamoja. Kipimo chenyewe sio cha gharama kubwa, unaweka kemikali za molibdeti maji yanageuka bluu unasoma rangi kwenye mashine, vyuo vyetu vinaweza. Ila wanafunzi mtakaoenda, chukueni chupa za plastiki, za kioo zinatoa silika yake zinaharibu kipimo, na sampuli ya silika msiigandishe, wekeni kwenye ubaridi tu. Haya, maswali.