Wanaoniuliza kuhusu CT ya utumbo mpana, njooni hapa

Shikamooni wakubwa zangu, na wenzangu habari za siku. Wiki hii meseji zenu karibu zote ni za jambo moja: eti siku hizi utumbo unapigwa picha tu, mambo ya kuingizwa kamera yameisha. Mimi nimepimwa hivyo mwezi uliopita huku niliko, kwa hiyo naweza kuwaeleza. Kupigwa picha ni kweli. Kwamba kamera imeisha, hapana.

Kipimo chenyewe si kigeni sana, kilianza kuonyeshwa na madaktari mwaka 1994. Mashine ni hiyohiyo ya CT mnayoijua, ile inayopiga picha za ndani ya mwili kwa eksirei. Inapiga picha nyingi za tumbo, kompyuta inaziunganisha, daktari anaupitia utumbo mpana kwenye skrini kana kwamba anatembea ndani yake. Anatafuta polipu, yaani vinyama vinavyoota kwenye ukuta wa utumbo. Vingi havina neno, lakini vingine vikiachwa miaka mingi hugeuka saratani. Kikiondolewa mapema, saratani hiyo haipati pa kuanzia.

Sasa, shughuli iko siku moja kabla. Unaacha chakula kigumu, unakunywa dawa ya kuharisha mpaka tumbo liwe tupu, na mara nyingi unapewa dawa nyingine inayofanya mabaki ya choo yang'ae kwenye picha. Hii ya pili watu huidharau. Jamani, kipande cha choo na polipu vinaweza kufanana kabisa pichani! Ukinywa nusu kwa sababu ladha imekushinda, daktari atasoma picha ya kubahatisha. Mwenye kisukari, mwenye shida ya figo au ya moyo, aseme mapema kabla hajapewa dawa ya kuharisha, maana si kila aina inamfaa.

Siku ya kipimo unalala mezani, unawekewa mpira mwembamba kwenye njia ya haja kubwa, unaingia sentimita chache tu. Mpira huo unapitisha hewa au gesi ya kaboni dioksidi, kwa sababu utumbo uliojikunja hauonyeshi kitu. Nilihisi tumbo limejaa na kubana, kama mtu aliyevimbiwa. Unalala chali, kisha kifudifudi, unaambiwa ubane pumzi, picha zinapigwa. Kama robo saa hivi. Hakuna dawa ya usingizi, nilitoka hapo kwa miguu yangu. Na yule mama aliyeniuliza kuhusu aibu: wanakufunika shuka, mama yangu, na wale wahudumu wamezoea kazi yao.

Lakini hapa ndipo nataka mnisikilize. CT inaona, haikati. Kwenye kolonoskopia, yaani kile kipimo cha kuingizwa kamera kupitia njia ya haja kubwa, daktari akikuta polipu anaweza kuitoa palepale. Kwenye CT, wakikuta ya milimita 6 au zaidi, kwa kawaida unapelekwa kwenye kolonoskopia hiyohiyo uliyokuwa unaikimbia. Kwa hiyo kabla hujakubali, uliza: mkikuta kitu, nani atakitoa, na lini? Kuna hospitali zinazoweza kufanya yote siku moja, ukaepuka kunywa tena dawa ya kuharisha. Nyingine utaanza upya.

Uwezo wake wa kuona si haba. Utafiti mkubwa uliotoka Marekani mwaka 2008, wa watu zaidi ya 2,500, ulionyesha kwamba kati ya watu 100 wenye polipu kubwa, za milimita 10 kwenda juu, kipimo kiliwanasa kama 90. Ndogo na zile bapa zinapita kirahisi zaidi. Ndiyo maana Marekani wanashauri kukirudia kila baada ya miaka 5, wakati kolonoskopia iliyotoka safi hurudiwa baada ya 10, na wanaanza kupima watu wasio na dalili wakiwa na miaka 45.

Mionzi ipo, ingawa kiwango ni kidogo. Mjamzito aseme mapema. Tena picha inachukua tumbo zima, kwa hiyo inaweza kuonyesha jiwe la figo au mshipa mkubwa wa damu uliotanuka. Wapo waliookolewa hivyo, na wapo waliozungushwa vipimo juu ya vipimo kwa kitu kisicho na madhara.

Na kama mzazi au ndugu yako wa tumbo moja aliugua saratani hii, mwambie daktari. Huenda akakupeleka kolonoskopia moja kwa moja, tena mapema kuliko wengine.

Dada yangu uliyeniandikia kwamba unaona damu chooni na unasubiri mpaka upate nafasi ya CT: usisubiri, nakuomba. Niliyoeleza hapa ni kwa wasio na dalili, wewe dalili unayo. Nenda kwa daktari kesho, mweleze damu ilianza lini, ina rangi gani, na kama umepungua uzito. Jioni nitakupigia nisikie amekwambiaje.