Andaa seva zako za Nginx kwa Ansible, hatua kwa hatua

Haya wadau karibuni, leo tunaandaa seva tatu za tovuti kwa mpigo mmoja, zote zikiendesha Nginx (programu inayohudumia tovuti), kwa kutumia Ansible (zana inayoziandaa seva kufuata ulichoandika kwenye faili). Mimi zamani nilikuwa naingia kwenye seva moja moja natype komandi kwa mkono, siku seva ikafa usiku nikakesha mpaka asubuhi najaribu kukumbuka nilibadilisha nini kwenye konfigi ipi, na sikuwa nimeandika popote. Tangu siku hiyo kila kitu nakiweka kwenye faili.

Uzuri wa Ansible, kule kwenye seva huweki programu yake yoyote, inapita kwenye SSH ile ile uliyoizoea (njia salama ya kuingia kwenye seva ukiwa mbali), inachotaka kule ni Python tu na Ubuntu Server mara nyingi unaikuta imo. Kwa hiyo kwenye laptop yako fungua terminali, andika pipx install --include-deps ansible. Mwenye Windows aanze kwa kufungua WSL (Linux inayokaa ndani ya Windows).

Sasa tengeneza folda, ndani yake faili hosts.ini. Mstari wa kwanza andika [tovuti], chini yake IP za seva zako, kila moja na mstari wake. Jaribu: ansible tovuti -i hosts.ini -m ping. Hii siyo ping ile ya mtandao, hii inaingia kabisa kwa SSH na kuangalia Python, ikijibu pong mambo safi, ikijibu UNREACHABLE usisogee mbele, karekebishe kwanza funguo zako za SSH.

Hatua inayofuata ndiyo yenyewe, faili site.yml. Juu weka hosts: tovuti, become: true ili ipate nguvu za root (msimamizi mkuu wa seva), na serial: 1 ili iende seva moja moja, ya kwanza ikigoma zingine zinabaki salama. Kwenye tasks (orodha ya kazi), ya kwanza tumia moduli (kitendo kilicho tayari ndani ya Ansible) ya apt, name: nginx, state: present, update_cache: true. Angalia hapo hatujasema "sakinisha", tumesema tunataka Nginx iwepo, kama ipo tayari inaiacha. Ya pili ni template, inachukua tovuti.conf.j2 (faili ya konfigi ya Nginx uliyoiandika) kutoka kwenye laptop na kuiweka /etc/nginx/conf.d/tovuti.conf, na chini yake notify ya kuamsha handla (task inayosubiri kuitwa, unaiandika chini kwenye handlers) itakayoreload Nginx pale tu faili ikibadilika. Ya tatu endesha nginx -t kwa moduli ya command, na tafadhali usiiruke hii, maana ndiyo inakamata nukta mkato uliyosahau kabla haijafika kwenye reload, iongezee changed_when: false. Ya mwisho service, state: started, enabled: true. Na kwenye YAML (muundo wa faili hii ya .yml) tumia spesi, tab haikubali kabisa.

Endesha: ansible-playbook -i hosts.ini site.yml, ongeza -K kama sudo yako inadai paswedi. Ikimaliza endesha tena hivyo hivyo, safari hii changed isome 0 kwa seva zote. Isiposoma 0 kuna task inabadilisha kitu kila mara, itafute.

Siku nyingine ukigusa konfigi, tanguliza --check --diff uone mistari itakayobadilika kabla haijabadilika. Paswedi zozote zifunge na ansible-vault encrypt ndiyo upeleke folda kwenye Git (inayotunza historia ya mabadiliko ya faili).

Halafu fanya jaribio moja la kweli, futa seva moja, fungua mpya tupu, badilisha IP kwenye hosts.ini, endesha. Tovuti ikifunguka bila wewe kuingia kule hata mara moja, umemaliza.