Tulichosoma Hakisomeki: mhadhara kuhusu vijana wakimbizi, shule na kazi

Mwenyekiti, walimu wangu, vijana wenzangu, hamjambo? Asanteni.

Mkisikia kijana mkimbizi hana kazi, wengi mnadhani hajasoma. Wapo, sikatai. Lakini wengi ninaowajua wamesoma. Shida ni kwamba tulichosoma hakisomeki.

Nilitoka Uvira, Kivu Kusini, huko Kongo, nikafika Kakuma, kambi ya wakimbizi kaskazini-magharibi mwa Kenya, mwaka 2010 nikiwa na miaka 17. Kambi ile ilifunguliwa 1992, inanizidi mwaka mmoja. Nyumbani nilikuwa sekondari, kwa Kifaransa. Kakuma nikawekwa darasa la sita, magoti yakigonga dawati, pembeni yangu mtoto wa miaka 12. Hesabu za namba tupu nilizipata zote. Mwalimu alipoziandika kwa maneno, mkulima na ekari zake na ng'ombe wake, kwa Kiingereza, nikapotea. Nikajifariji kwamba Kiswahili kitaniokoa. Siku ya kwanza nikasema "batoto mingi", yaani watoto wengi kwa Kiswahili cha kwetu, darasa zima likaangua kicheko.

KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari Kenya, niliifanya nikiwa na miaka 23.

Kaka yangu yeye alikuja na Diplôme d'État, ule mtihani wa kumaliza sekondari kwetu. Siku matokeo yalipotoka tulimmwagia unga kichwani, mtaa mzima ukaimba, kwa sababu alipata asilimia 58, na kwetu hiyo si haba. Akaipeleka kwenye ofisi moja hapa Nairobi. Karani akauliza, "Diploma ya chuo gani?" Akaeleza kwamba ni ya sekondari. "Basi hii si diploma." Halafu akaitazama ile 58, akatikisa kichwa. Ikabidi karatasi itafsiriwe, ilinganishwe, ilipiwe. Kaka yangu sasa anauza vitenge, na anauza vizuri, lakini aliyetaka kuwa fundi wa maabara ni yeye.

Kuhusu kazi nitasema kwa ufupi, maana sheria yenyewe ni nzuri. Sheria ya Wakimbizi ya 2021, iliyoanza kutumika Februari 2022, inamruhusu mkimbizi kufanya kazi. Kuna kibali cha kazi cha daraja M, na hakilipiwi ada. Ila kukiomba unahitaji barua ya mwajiri, na mwajiri niliyemwendea alitaka kwanza aone kibali. Nilizunguka hivyo miezi minne. Mwishowe aliniambia, kwa upole kabisa, kwamba amechukua mtu mwingine. Sikumlaumu sana, hakuwahi kukiona hicho kibali, na mimi mwenyewe sikuwa nacho cha kumwonyesha.

Kabla ya hapo nilifundisha kambini. Mwalimu mkimbizi kule halipwi mshahara, hupewa posho. Mwenzangu Mkenya, tuliyegawana naye chaki na vipindi, alilipwa mara kadhaa ya nilichopata mimi. Tukila chai pamoja, yeye ndiye alilipa. Alikuwa mtu mwema, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Upande wa vyuo, ufadhili upo. Ule wa DAFI, unaogharimiwa zaidi na Ujerumani, umeanza mwaka uleule wa 1992. UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, linataka asilimia 15 ya vijana wakimbizi wawe vyuoni ifikapo 2030. Ni lengo jema, ila linamhusu aliyefika mlangoni. Mimi nataka tuzungumze juu ya aliyekwama njiani na bahasha yake ya karatasi.

Mdogo wangu wa kike yuko kidato cha nne. Kwetu mtu ana majina matatu, na la ukoo hutangulia. Aliyemwandikisha kambini alilipeleka mwisho. Aliyejaza fomu ya shule akaliacha kabisa. Kwa hiyo kadi ya mkimbizi inamtambua msichana mmoja, shule inamtambua mwingine, na cheti cha KCSE kitatoka na jina moja tu kati ya hayo. Tumeanza kulifuatilia tangu Januari. Jumatatu tunarudi tena, tumeambiwa twende na picha mbili na hati ya kiapo.