Mzigo Unaposhushwa, Mji Huanza

Shikamooni wakubwa zangu. Na wenzangu, habari za jioni.

Nimeombwa nizungumzie viwanda na usafirishaji katika ukuaji wa miji. Naanza na jambo ambalo wapangaji wengi hulipita haraka mno: njia peke yake haijengi mji. Treni inaweza kupita kijijini miaka nenda miaka rudi, na kijiji kikabaki kijiji. Mji huanza pale mzigo unaposhushwa, ukahesabiwa, ukawekwa ghalani, kisha ukapakiwa kwenye chombo kingine. Hapo ndipo wanapohitajika kuli, karani, fundi na mpishi wa kuwalisha wote hao. Naye mwenye kiwanda, akiona mali ghafi imekwisha kushushwa, huona heri aisindike papo hapo.

Nairobi ni mfano wa karibu. Reli kutoka Mombasa ilifika pale mwaka 1899, na mji haukuwepo. Mbele kulikuwa na mwinuko mkali wa kuelekea Bonde la Ufa. Pale palikuwa na tambarare ya kutosha kuweka bohari, karakana na nyumba za wafanyakazi. Makao makuu ya reli yakahamia hapo, serikali ya kikoloni ikafuata.

Chicago inaonyesha jambo hili kwa ukamilifu zaidi. Mwaka 1840 ilikuwa na watu wasiofika 5,000. Mwaka 1848 ulifunguliwa mfereji wa kuunganisha Ziwa Michigan na mto Illinois, na mwaka uleule reli ya kwanza ikaanza kazi. Nafaka ikawa inaingia kwa mabehewa na kutoka kwa meli. Katikati yakahitajika maghala marefu yenye mitambo ya mvuke, na soko la kuipangia bei. Mwaka 1865 likafunguliwa zizi kubwa la Union Stock Yards, na machinjio yakalizunguka. Yalipokuja mabehewa ya barafu, nyama iliyochinjwa pale ikaliwa hadi pwani ya mashariki, na kiwanda kikazaa kiwanda: ngozi, sabuni, gundi, mbolea. Sensa ya 1890 ilihesabu watu zaidi ya milioni moja.

Zizi lile lilifungwa mwaka 1971. Wamarekani hawakuwa wameacha nyama. Malori na barabara kuu ziliwawezesha wachinjaji kuwafuata wafugaji kulekule waliko, na ng'ombe hawakuwa na haja tena ya kusimama Chicago.

Bandari nazo zimepitia hayo. Mwaka 1956 Malcom McLean, mfanyabiashara wa malori, alipeleka makontena kwa meli kutoka Newark hadi Houston. Kontena hufungwa kiwandani na kufunguliwa linakokwenda. Bandarini linainuliwa tu. Gati za zamani za London, zilizokuwa ndani ya mji, zilifungwa moja baada ya nyingine, hadi za mwisho mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mitaa mizima ya makuli ilibaki na nyumba bila kazi. Hilo linaniuma, kwa sababu watu wale hawakuwa wamezembea kwa lolote.

Ndiyo maana nikionyeshwa ramani ya reli mpya, siulizi kwanza kasi ya treni. Nauliza mzigo utashushwa wapi, viwanda vimetengewa ardhi kiasi gani kando yake, na wafanyakazi watalala umbali gani kutoka hapo. Swali la tatu ndilo linalokosa jibu mara nyingi. Likiachwa wazi kwenye ramani, watu hulijibu wenyewe kwa kujenga vibanda kwenye kingo za reli, kwa sababu nauli ya kutoka mbali ingekula mshahara wote.