Mdoli Umekauka Nje, Je, Ndani?

ZUHURA: Karibuni tena. Leo tunazungumzia midoli ya manyoya, ile inayolaliwa, inayonyonywa na kuburutwa sakafuni. Kaka Idi, jambo hili lilikufika.

IDI: Lilinifika, dada. Mwanangu alikuwa na sungura wa manyoya. Nikamfua vizuri, nikamwanika asubuhi, jioni nikamshika: mkavu. Nikamrudishia. Siku ya tatu sungura akaanza kunuka uvundo. Kufumua mshono, nakuta pamba ya ndani mbichi, na ukungu umeshaingia. Nikamtupa. Mtoto alilia mpaka usingizi ukamchukua. Hadi leo inaniuma.

ZUHURA: Pole sana. Kufua ni rahisi, kazi iko kwenye kukausha. Manyoya ya juu huwahi kukauka, yakakudanganya. Mdoli mnene unaweza kuchukua siku 2, hata zaidi.

IDI: Siku hizi naubana tumbo kwa vidole. Nikisikia ubaridi ndani, naurudisha juani.

ZUHURA: Ubaridi ndiyo dalili yenyewe. Na usiukamue kwa kuusokota, pamba itajikusanya upande mmoja. Uviringishe kwenye taulo kavu, gandamiza, taulo linyonye maji. Kisha ulaze juu ya wavu, upepo upite chini, uwe unaugeuza. Ukiuning'iniza kwa masikio, uzito wa maji utayavuta.

IDI: Na kabla haujagusa maji?

ZUHURA: Kagua mishono, uzi uliolegea shona kwanza. Tazama macho pia. Yaliyobandikwa kwa gundi huweza kulegea kwenye maji moto, na jicho lililobanduka mtoto hulitia mdomoni. Kama ni mashine, utie kwenye foronya, funga mdomo, weka mzunguko wa taratibu.

IDI: Wenye betri, ile inayoimba?

ZUHURA: Haizamishwi. Kama kisanduku hakitoki, futa manyoya kwa kitambaa chenye povu, basi.

IDI: Mimi nina mtoto mwenye pumu, kwa hiyo wale wadudu wa vumbi wasioonekana kwa macho wananihangaisha. Maji ya nyuzijoto 60 huwaua, ila midoli mingi haihimili moto huo. Natia mdoli kwenye mfuko, naufunga, naulaza kwenye friza saa 24.

ZUHURA: Ukishautoa unaufua?

IDI: Mwanzoni sikuwa nafua.

ZUHURA: Ufue, kaka. Baridi inawaua tu, haiwaondoi. Kinyesi chao na mizoga vinabaki humo humo, na hivyo ndivyo vinavyomwamshia mtoto kifua. Baada ya friza, maji na sabuni kidogo isiyo na manukato makali, usuuze mpaka povu liishe kabisa. Sikio hilo litanyonywa usiku.

IDI: Sasa usiku ndio wenyewe! Siku 2 bila mdoli wake, mtoto atalalaje?

ZUHURA: Kama unaweza, nunua miwili inayofanana mapema, mtoto akiwa bado mdogo, awe analala nayo kwa zamu. Yote itashika harufu yake. Ukileta wa pili ghafla, mpya, atautupa. Anaujua wake kwa pua.

IDI: Wangu sasa ana sungura wawili. Mmoja yuko kwenye wavu tangu jana asubuhi. Tukimaliza hapa naenda kumbana tumbo.